Kutoka Mzigo wa Begani hadi Gari la Kulala: Historia ya Safari za Porini kati ya Malolo na Mikumi

Kata ya Malolo iko kusini-magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Rubeho na kaskazini mwa Mto Ruaha Mkuu, jirani na Ruaha Mbuyuni ambako mkoa wa Iringa huanza. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa hupita karibu nayo bila kuingia, kwa sababu barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inayofahamika kwa jina la TANZAM, inaiacha kando. Wanaoijua vizuri ni wafanyabiashara wanaofuata vitunguu na mpunga unaolimwa kwa maji ya mfereji kutoka Mto Mwega. Katikati ya karne ya 19 hali ilikuwa kinyume kabisa, kwani Malolo ilikuwa kituo kinachotajwa kwa jina katika mojawapo ya njia zilizounganisha pwani ya Waswahili na nchi za Unyamwezi na Ujiji, na mtu hakuweza kuipita njia hiyo bila kulala hapo, kununua chakula na kupumzika. Historia ya watu kusafiri katika eneo hili, wakilala porini katikati ya wanyama na chini ya anga lisilo na taa, ni ndefu kuliko historia ya utalii, na haieleweki mpaka ianzie kwa wapagazi.

Misafara iliyovuka nchi ya Usagara, yaani milima inayoanzia magharibi mwa Morogoro hadi karibu na Mpwapwa, ilikuwa na njia mbili kuu za kuchagua. Ya kaskazini ilipanda kwa kufuata bonde la Mto Mkondoa, mahali ambapo mji wa Kilosa ulikuja kukua. Ya kusini iliitwa njia ya Kiringawana, kwa jina la mtawala wa Usagara ambaye misafara ilipita katika himaya yake, nayo ilishuka kutoka Rubeho hadi Malolo, ikavuka Mto Yovu, ikapita Kisanga na Ruhembe, kisha ikaingia katika tambarare ya Mkata ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walizipita zote mbili katika safari moja: walipanda kwa njia ya Mkondoa mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, na walirudi kwa njia ya Kiringawana mwishoni mwa mwaka 1858. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860, Burton aliandika kwamba mahali hapo paliitwa Maroro au Malolo kutegemea lahaja ya msemaji. Baadaye reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifuata bonde la Mkondoa, ilhali barabara ya magari ya kwenda Iringa ilipita upande wa kusini, kwa hiyo karibu kila abiria anayekatiza Kilosa leo, awe ndani ya behewa au ndani ya basi, anafuata uamuzi uliofanywa na wapagazi waliotafuta maji na chakula kabla ya kuwapo kwa ramani.

Mpagazi wa kawaida alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32, ukiwa ni pembe za ndovu, vitambaa vya merikani na kaniki, au shanga, na juu ya mzigo huo alibeba vyombo vyake vya kupikia, mkeka na silaha. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, kiongozi wa njia aliyeshika bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Siku ilianza kabla ya mapambazuko kwa sauti ya majogoo ambao wapagazi wenyewe waliwabeba juu ya miti yao ya mizigo na kuwatunza njiani, kisha moto ulikokwa, maneno ya kuhimiza safari yalisikika kutoka kila pembe, na mwendo ulianza wakati ardhi ingali na ubaridi wa usiku ili kituo kifikiwe kabla ya jua la mchana. Palipokuwa na pori lisilo na maji, msafara ulilazimika kutelekeza, yaani kuondoka adhuhuri baada ya watu kula na kunywa, kutembea hadi jioni, kulala pakavu, na kufika kwenye maji asubuhi ya pili.

Kambi ndiyo iliyokuwa taasisi yenyewe ya safari hizo. Ilikuwa ni uwanja uliozungushiwa boma la miiba, wenye vibanda vya nyasi ambavyo msafara mmoja uliviacha na mwingine ukaviingia, ukavikarabati au ukavichoma kwa uzembe na kuwaachia wanaofuata kazi ya kujenga upya. Boma halikuwa pambo. Katika safari ile ya Burton na Speke fisi waliwararua punda wa mizigo usiku, na hofu ya simba iliwafanya watu walale wakiwa wamezunguka moto. Wanyama ambao mgeni wa sasa analipa ili kuwaona, mpagazi aliwasikia kila usiku bila kulipa chochote, na bila shaka angelipa kidogo alichokuwa nacho ili asiwasikie. Haifai kumpamba mtu huyo kwa mapenzi ya mandhari ambayo hakuna ushahidi kwamba alikuwa nayo. Lakini ujuzi wa mahali pa kulala, wa maji ya kuaminika na wa mnyama wa kuogopwa ulikuwa wake, na wasafiri wa Ulaya waliukodi kwa vitambaa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi Bara Hindi kisha akapata uhuru wake, alifanya safari hiyo ya Burton na Speke, akarudi na Speke mwaka 1860, akaenda na wavumbuzi Stanley mwaka 1871 na Cameron mwaka 1873. Kwa kipimo cha masafa aliyotembea na idadi ya usiku aliolala porini, wachache kati ya waliomwajiri wanaweza kulinganishwa naye.

Anga la usiku lilikuwa na kazi mbili tofauti katika kambi hizo. Kwa wageni lilikuwa chombo cha kupimia. Speke alitumia sekstanti, kifaa cha kupima pembe kati ya nyota na upeo wa macho, ili kupata latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, na kwa kuwa porini hakuna upeo wa bahari, zebaki ilimiminwa ndani ya chombo bapa ili uso wake uakisi nyota kama kioo. Longitudo ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ilidai saa sahihi, na kronomita, ambazo ni saa za usahihi mkubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya mabaharia, ziliharibika moja baada ya nyingine kwa mitikisiko ya njia. Waliamua basi kufunga risasi ya bunduki kwenye uzi wa karibu mita 1 na kuuning'iniza, kwa kuwa timazi ya urefu huo huchukua sekunde moja kwenda upande mmoja na sekunde nyingine kurudi, na mtu mmoja akawa anahesabu midundo huku mwenzake akipima umbali wa mwezi kutoka kwenye nyota. Sehemu ya ramani ya kwanza ya Kizungu ya nchi hizi ilitegemea risasi iliyokuwa ikibembea mwishoni mwa uzi.

Kwa wenyeji anga lilikuwa kalenda. Kilimia, fungu dogo la nyota zilizosongamana, huchomoza mashariki jua linapozama katikati ya Novemba, wakati mvua zinakaribia na jembe linapaswa kuwa tayari, na huzama pamoja na jua mwezi Mei, mvua kubwa zinapokwisha. Waswahili wa pwani waliuhifadhi mpangilio huo katika methali, na jamii nyingi za wakulima wa bara ziliufuata bila kuuandika. Malolo iko nyuzi 7 na zaidi kidogo kusini mwa ikweta, jambo linaloifanya Nyota ya Kaskazini isionekane kabisa, ilhali Msalaba wa Kusini husimama vizuri juu ya vilima vya Iringa jioni za Aprili hadi Juni, na kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga hafifu unaotokana na mamilioni ya nyota za galaksi yetu, hupita karibu na utosi katika usiku mkavu wa Julai na Agosti. Wakati msafara wa Burton ulipokuwa ukiondoka Kazeh, yaani Tabora, mwishoni mwa Septemba 1858, nyota yenye mkia iliyopewa jina la Donati ilikuwa ikionekana kwa macho matupu.

Ukoloni uliivunja dunia ya misafara kwa haraka. Mkoloni wa Kijerumani Carl Peters alikusanya mikataba yake ya Usagara mwishoni mwa mwaka 1884, Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891 na kushambulia kituo chao cha Kondoa, karibu na Kilosa, mwaka uliofuata, na reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914 iliondoa sababu ya kubeba pembe mabegani. Malolo, iliyokuwa upande wa njia isiyopata reli, ilirudi kuwa bonde la wakulima. Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta majeshi Kilosa mwezi Agosti 1916 na kuyapitisha Mikumi kuelekea Ruaha, na wapagazi wakarudi tena njiani, safari hii kwa kulazimishwa na kwa vifo vingi. Ni sura ambayo vitabu vya kusifia mapori huiruka.

Gari ndilo lililoamua sura ya sasa ya eneo. Barabara ya Morogoro hadi Iringa iliyojengwa miaka ya 1950 iliwafikisha wawindaji katika tambarare ya Mkata kwa saa chache, mahali ambapo Stanley mwaka 1871 aliteseka siku kadhaa katika tope la masika, na wanyama walianza kupungua mbele ya bunduki zilizokuja kwa magurudumu. Mwaka 1964 serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ikaipanua mwaka 1975 hadi ipakane na Pori la Akiba la Selous, na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Ni haki kusema kwamba hifadhi hiyo ni mtoto wa barabara ileile inayoidhuru: barabara ilileta hatari, hatari ikaleta ulinzi, na barabara ikabaki katikati, ikikata hifadhi kwa takriban kilomita 50.

Mwaka mmoja tu baada ya hifadhi kutangazwa, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyotegemea njia za kusini kwa mafuta na shaba yake, ikageukia Dar es Salaam. Malori yalipita Mikumi usiku na mchana juu ya barabara ya udongo iliyokuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, nayo ajali zake ziliipa sifa ya kuwa njia ya jehanamu, hadi bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 na lami kukamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lami hiyo pia iliyowaleta wasafiri wa aina mpya, waliovuka bara kwa magari yao wenyewe na kulala ndani yake au juu ya paa: mwanzoni Wazungu vijana kwenye Land Rover kuukuu, siku hizi pia Waafrika wa Kusini, Wakenya na Watanzania wenyewe wenye gari la kulala, yaani gari lililofungwa kitanda, jiko na tangi la maji. Kambi ya wageni ya hifadhi, yenye mahali pa moto, bomba na mlinzi, inafanya kazi ileile ya boma la miiba, isipokuwa kwamba leo aliye ndani anatumaini mnyama atakaribia.

Barabara hiyohiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inampa mpenda nyota zaidi ya giza. Huko Mbozi, mkoani Songwe, kiko kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, kilichoripotiwa kwa maandishi mwaka 1930 na kuwa miongoni mwa vikubwa duniani; na tarehe 1 Septemba 2016 umati ulikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua kwa namna ya pete, ambapo mwezi hufunika katikati ya jua na kuacha duara la mwanga pembeni.

Suala lililobaki ni la usiku wenyewe. Mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali na ujambazi, na japokuwa malori hayakuhusika, zuio hilo lilipunguza taa na mngurumo ndani ya Mikumi kati ya jioni na alfajiri. Mwaka 2023 liliondolewa. Matuta, vibao vya kupunguza mwendo na orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa vipo, lakini nyati aliyesimama juu ya lami saa nane za usiku hasomi vibao, na dereva anayewahi kuamkia Tunduma, mpakani mwa Zambia, hutazama saa yake zaidi ya pembezoni mwa barabara. Kwa kipimo cha madhara, mgeni anayeegesha gari lake la kulala kambini jioni na kuzima taa anaudhi pori kidogo kuliko abiria 60 wanaolipita wakiwa usingizini, na sera ya barabara hii ingepaswa kuandikwa kwa kutambua tofauti hiyo: kasi ya usiku ndani ya zile kilomita 50 isimamiwe kwa ukali uleule unaosimamia mgeni anayetoka nje ya hema lake.