Sura na Tabia katika Fikra za China ya Kale

Katika karne ya 3 KK, China ilikuwa falme kadhaa zinazopigana, na kila mtawala alihitaji washauri wa kuaminika. Katika mazingira hayo kazi ya wasoma sura ilikuwa na soko. Walitazama paji la uso, macho, rangi ya ngozi na kimo, wakatabiri nani atapata cheo na nani atakufa mapema. Mwanafalsafa Xunzi, aliyefuata mkondo wa Confucius, anawataja wawili waliovuma, Gubu Ziqing na Tang Ju, kisha anatoa mlango mzima wa kitabu chake kuipinga kazi yao.

Hoja yake anaijenga kwa watu waliojulikana. Sunshu Ao alikuwa na upara, na mguu wake wa kushoto ulizidi wa kulia kwa urefu, lakini akiwa waziri mkuu aliipandisha Chu juu ya falme nyingine. Bwana wa She alikuwa mdogo na mwembamba kiasi cha kuonekana kana kwamba mavazi yake yatamwelemea, na ndiye aliyezima uasi ulioitikisa Chu mwaka 479 KK. Upande wa pili Xunzi anawaweka Jie na Zhou, wafalme wa mwisho wa nasaba za Xia na Shang: warefu, wazuri, wenye nguvu za kukabili watu mia. Wote wawili walipoteza nchi zao, na majina yao yakabaki kuwa mfano wa uovu. Kwa Xunzi, kuuchunguza moyo wa mtu kuna faida kuliko kuutazama mwili wake, na kuijua njia aliyochagua kuifuata kuna faida zaidi.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Tantai Mieming, mwanafunzi wa Confucius. Mwanahistoria Sima Qian anasema alikuwa na sura mbaya, hata Confucius akadhani uwezo wake ni mdogo. Tantai alisoma, akarekebisha mwenendo wake, hakupita njia za mkato wala kubisha hodi kwa wakubwa pasipo shughuli ya umma. Baadaye alikwenda kusini hadi mto Yangzi akiwa na wafuasi 300, na sifa zake zikawafikia watawala. Mwalimu akakiri kwamba alikosea kwa kumpima kwa uso.

Ila mwanafalsafa Han Fei, aliyefariki mwaka 233 KK, miaka mingi kabla ya Sima Qian kuzaliwa, anakisimulia kisa hichohicho kinyume kabisa. Kwake Tantai alikuwa na haiba ya muungwana, Confucius akavutiwa, na walipokaa pamoja muda mrefu ikadhihirika kwamba matendo hayakulingana na haiba. Mimi naona mgongano huu una thamani kuliko toleo lolote moja: awe mbaya au mzuri wa uso, aliyekosea ni yule aliyehukumu kwa macho. Na Han Fei haishii kulaumu. Anasema hata fundi bingwa hawezi kuujua ubora wa upanga kwa kutazama rangi ya chuma, lakini ukikata nao, hata mtumwa atajua kama ni mkali au butu. Basi mpe mtu kazi, uone matokeo.

Haya yote hayamaanishi kwamba wafuasi wa Confucius walipuuza mwonekano. Waliujali mno. Kijana wa tabaka la juu alivikwa kofia kwa ibada maalumu alipofika miaka 20. Zilu, mwanafunzi shupavu wa Confucius, aliuawa vitani mwaka 480 KK, na inasimuliwa kwamba kamba za kofia yake zilipokatwa alisimama kuzifunga kabla ya kufa. Mwenzake Zigong alitetea adabu za nje kwa kusema kwamba ngozi ya chui iliyonyolewa manyoya haitofautiki na ya mbwa. Mencius, mwanafalsafa wa mkondo huohuo, naye aliamini wema uliokita moyoni hujitokeza usoni, mgongoni na katika viungo vyote, na kwamba mboni ya jicho haiwezi kuuficha ubaya. Kwa hiyo kuna sura ambayo mtu huzaliwa nayo, isiyosema lolote juu yake, na kuna ile anayojitengenezea kwa mwenendo wa miaka. Ya pili ndiyo waliyoihesabu.

Mwanafalsafa Zhuangzi alikwenda mbali zaidi. Zama zile mhalifu aliweza kukatwa mguu, hivyo mwili wenyewe ukawa hati ya mashtaka. Katika kitabu chake, Shentu Jia mwenye mguu mmoja anasoma kwa mwalimu mmoja na Zichan, waziri wa Zheng, anayeona haya kutoka naye mlangoni. Shentu Jia anamjibu kwamba amekaa na mwalimu miaka 19, na mwalimu hajawahi kuutambua ule mguu uliokosekana. Waziri anafadhaika na kumwomba asiendelee.

Wanawake walipimwa kwa ukali zaidi. Ndiyo maana naithamini simulizi ya mwandishi Liu Xiang kuhusu Zhongli Chun, mwanamke wa ufalme wa Qi aliyefika miaka 40 bila kuposwa kwa ajili ya sura yake. Alikwenda mwenyewe kwa Mfalme Xuan, baraza likamcheka, akaeleza hatari nne zilizoikabili nchi. Mfalme akabadili utawala wake na kumfanya malkia. Miaka mingi baadaye msomi Ban Zhao, akiwaandikia mabinti wa ukoo wake, alisema mwonekano unaotakiwa ni usafi wa mwili na mavazi, si urembo.

Serikali, hata hivyo, haikuwasikiliza sana wanafikra hawa. Chini ya nasaba ya Tang, aliyefaulu mtihani alipimwa tena kabla ya kupewa cheo, kwa vigezo vinne: umbo, usemi, mwandiko na uamuzi wa mashauri. Umbo lilitajwa la kwanza.