Risasi za Kujaza Upya

Nilipokuwa mwalimu kijana huku Tlawi, katika miaka ya 1970, mtoto mmoja wa darasa la sita alikuja shuleni akipuliza ganda tupu la risasi kama filimbi. Nilimwuliza alikolipata. Akajibu bila hofu, "Baba huyajaza tena, mwalimu. Za dukani ni ghali."

Nikalichukua ganda, nikamwambia akae. Baba yake alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na bunduki yake iliwafukuza nguruwe katika mahindi ya watu wengi. Nikanyamaza.

Baadaye, nikifundisha historia chuo cha ualimu, nilikutana na habari iliyonirudisha kwenye ganda lile. Aprili 1915 Waingereza walikuwa wameifunga bahari yetu. Meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifuatwa na manowari Hyacinth. Ikapigwa mizinga, ikakaa majini. Wajerumani wakaiopoa shehena yake, lakini maji ya chumvi yalikwisha kupenya katika risasi. Baruti na fataki zikazidi kuharibika siku hadi siku.

Ikabidi risasi zifunguliwe, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Kazi hiyo ilifanyika Moshi kwa miezi, toka asubuhi hadi usiku. Kamanda von Lettow-Vorbeck aliandika mwenyewe jinsi zilivyogawanywa: zile nzima za zamani ziliwekewa bombomu, zilizokataa kulia kiasi cha 20 katika kila 100 zilipelekwa vitani, mbaya zaidi zikawa za mazoezi.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo habari hii kama mfano wa werevu wakati wa uhaba. Na kweli ulikuwa werevu. Lakini hesabu ile, ndugu msomaji, ina mtu ndani yake. Ni askari Mwafrika aliyevuta kilimia mara tano, akijua kwamba mara moja bunduki itanyamaza, na adui yuko mbele yake. Jina lake halikuandikwa.

Moshi palikuwa na watu wengi, na mtu wa kuzichambua nzuri na mbaya. Yule mzee wa Tlawi alikuwa peke yake na taa ya chemli. Mwaka uliofuata bunduki ilimpasukia mkononi. Vidole vitatu vilikwenda, na mtoto akaacha shule ili ashike jembe.

Nilikwenda kumpa pole. Alinikaribisha vizuri, akaniambia wala hakukasirika, "Mtoto alisema umelichukua ganda, mwalimu. Nilidhani ungekuja."

Nimekuja kumaliza kazi ya ualimu, na jibu la neno hilo sijalipata.