Nyumba ya jangwani si jumba la vioo

Jamaa zetu walioko Dubai na Muscat wakija likizo, naletewa swali lile lile: nyumba ya kule inaweza kujengwa hapa? Naulizwa mimi kwa kuwa nilisomea ujenzi. Ni stashahada tu, lakini mtaani hiyo yatosha kuitwa mhandisi. Picha ninayoonyeshwa kwenye simu ni jumba la zege na vioo, kiyoyozi kila chumba. Basi niseme mapema: hiyo si nyumba ya jangwani. Hilo ni jumba la stima, na stima ikikatika wenyewe hutoka nje. Nyumba ya jangwani hasa ni kitu kingine, na anayetaka kuijua vizuri aanzie Misri.

Jangwa lina tabia yake. Hewa ni kavu, mbingu hazina mawingu, mchana unachoma na usiku unapoa sana. Watu wa kale walijenga kwa kuifuata tabia hiyo. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto la jua polepole kutwa nzima, na joto hilo huchukua saa nyingi kabla ya kufika ndani. Likifika, jua limeshatua, hewa ya nje ni baridi, na watu wa nyumba wamepanda kulala juu ya dari. Asubuhi ukuta umepoa tena.

Aliyelipima jambo hili kwa vipimo ni Hassan Fathy, msanifu majengo Mmisri aliyezaliwa 1900 na kufariki 1989, Mola amrehemu. Mwaka 1964 vilijengwa vyumba vya majaribio mjini Cairo. Kimoja kilikuwa cha matofali ya udongo, kuta na dari unene wa sentimita 50. Kingine kilikuwa cha vibao vya zege, unene wa sentimita 10. Ndani ya chumba cha udongo joto lilikaa kati ya nyuzi 21 na 23 mchana na usiku. Cha zege kilifika nyuzi 36, yaani nyuzi 9 zaidi ya joto la nje. Chumba kizima kikawa tanuri, na ndicho wengi wetu tunachokiita nyumba ya kisasa.

Fathy hakubuni udongo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao zilikuwa adimu, naye alitaka paa lisilohitaji mbao. Akaenda Aswan, akawakuta mafundi wa Kinubi wakijenga paa la tao kwa matofali mepesi ya udongo na majani makavu, wakiyaegemeza kwenye ukuta wa mwisho, mstari baada ya mstari, bila kiunzi cha kushikilia. Elimu hiyo walirithi kwa wazee wao.

Kisha kuna ua wa ndani. Usiku hewa baridi huteremka uani ikakaa pale, na vyumba vinavyouzunguka vikafaidi mpaka jua linapopanda. Mlango wa mbele haufunguki moja kwa moja uani. Unapinda kwanza, vumbi libaki nje na macho ya wapita njia pia. Aliyeingia nyumba za kale za Lamu, zenye daka na kiwanda, hahitaji kuelezwa zaidi. Juu ya paa huwekwa malkafu, mnara wenye mdomo unaoelekea upepo, ukauteremsha ndani. Dubai minara hii huitwa barjili, na ililetwa na wafanyabiashara kutoka Uajemi; mtaa wa Al Fahidi bado unayo. Penye malkafu waliweka mtungi wa maji au makaa yaliyoloweshwa, upepo ukapita hapo ukapoa. Ni ujuzi ule ule wa mtungi wetu unaotoka jasho.

Lakini hapa ndipo pa kusimama. Maji hupoza hewa iliyo kavu. Mombasa hewa imeshashiba unyevu, ukiongeza mtungi utaongeza ukungu ukutani. Usiku wetu nao haupoi sana, kwa hiyo ukuta mnene uliochomwa na jua kutwa utakurudishia joto saa ya kulala. Kuta nene za Lamu zinafaa kwa sababu vichochoro vyembamba vinazikinga na jua. Mwenye kiwanja wazi Kisauni au Mtwapa akinge ukuta kwanza, kwa baraza pana na miti. Pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, upande wa magharibi madirisha yawe machache, na madirisha yakabiliane ili kusi na kaskazi zipite. Huku karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, kwa hiyo paa ndilo mlango mkubwa wa joto. Mabati bila dari chini yake na nafasi ya hewa katikati ni kujipika.

Ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera ndio walio karibu zaidi na hali ya Misri. Kwao ningesema udongo ufikiriwe upya, hasa matofali yaliyoshindiliwa kwa mashine na kutiwa saruji kidogo, juu ya msingi wa mawe ulioinuliwa.

Msingi nimeutaja makusudi. Kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, ambacho Fathy alianza kukijenga katika miaka ya 1940, kiliharibiwa sana na maji yaliyopanda kutoka chini pamoja na chumvi. Shida nyingine ilikuwa ya watu. Wanakijiji walitakiwa kuhama kutoka juu ya makaburi ya kale, na wengi hawakutaka. Zile kuba nzuri nazo, wahakiki wamesema, kwao zilikuwa za makaburi, si za vyumba vya kulala. Sehemu ndogo tu ya kijiji ndiyo iliyojengwa, na baadhi ya nyumba zimebomolewa na wenyewe wakajenga za zege. Mke wako au mama yako akikuambia jiko hilo halimfai, msikilize kabla fundi hajachimba. Msikiti wa kijiji kile, nao wa udongo, bado watu wanaswali ndani yake.