Kizibao cha Twidi na Sketi ya Wanaume

Kuna swali linalotusumbua sisi vijana tunaojaribu kuandika: mhusika wako avae nini? Wengi tunaliruka. Tunaandika "alikuwa amevalia vizuri sana", halafu haooo, tunakimbilia kwenye mapenzi. Mimi naona hapo ndipo hadithi zetu nyingi zinapopooza. Nguo inasema mtu katoka wapi na anataka aonekane nani. Leo tutazame nguo moja ya mbali kabisa, na usishangae ikitufikisha hapa kwetu Makambako.

Nguo yenyewe ni kilti, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa Uskoti, ikiwa na kizibao cha twidi juu yake. Twidi ni kitambaa kizito cha sufu, chenye rangi za majani makavu na udongo. Kwetu hapa, ambapo baridi ya Juni na Julai haina mzaha, twidi tunaijua hata kama jina hatulijui. Inakuja ndani ya marobota ya mitumba, ile ambayo wazee waliiita kafa-Ulaya. Mji wetu ni njia panda: barabara ya Mbeya na Zambia, barabara ya Njombe na Songea, halafu reli ya TAZARA. Kila kitu kinapita hapa. Siku moja nikaona kilti imetundikwa mnadani, upande wa akina mama. Muuzaji anaipigia debe: "Sketi ya shule hiyo dada, marinda yake hayafi!" Nilicheka, nikaanza kutafuta habari zake.

Kumbe wenyewe wana taratibu zao. Kilti inabaki ileile. Kinachobadilika ni cha juu. Harusi ya mchana au mwaliko wa kawaida, mtu anavaa kizibao cha twidi na koti lake la twidi, vifungo vya pembe. Usiku kwenye karamu kubwa twidi inawekwa kando, linatoka koti jeusi lenye vifungo vya fedha, na tai ya kipepeo. Siku ya kujiachia tu, kizibao peke yake kinatosha, bila koti.

Usiseme ni mambo ya kizungu tu. Watu wa pwani yetu wamefanya hivyo miaka mingi. Kanzu ni ileile, lakini juu yake kuna siku ya kizibao, kuna siku ya koti, na kuna siku ya joho kwa wenye nafasi zao. Na kule Unguja nguo haikuwa mchezo. Zamani za utumwa, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, walioachwa huru walivaa kanzu na kofia, na wanawake wakajitanda kanga na baadaye buibui. Kununua kofia kulikuwa ni kutangaza kwamba sasa mimi ni mtu kama wewe.

Turudi Uskoti. Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani kuasi na kupigwa vibaya, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi yao kwa wanaume na wavulana. Ukikamatwa mara ya kwanza, jela miezi sita. Ukirudia, unasafirishwa ng'ambo miaka saba. Walioachwa waivae ni wale waliokuwa askari wa mfalme! Marufuku ilifutwa mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh, mwandishi wa riwaya Walter Scott akapanga sherehe, na mfalme mwenyewe akatokea na kilti. Vazi lililomfunga mkulima jela likawa vazi la ikulu.

Na kumbuka, miaka hiyohiyo wenye ardhi walikuwa wanawafukuza wapangaji wao kule milimani ili wafuge kondoo. Familia zikasombwa mpaka pwani, nyingine zikapanda meli kwenda Kanada. Wakubwa waliobaki na mashamba wakashonesha twidi za kuwindia, na wahudumu wao wakavalishwa za rangi maalumu za shamba. Kwa hiyo kizibao kile kimebeba joto la sufu, na kimebeba pia habari ya nani alihamishwa.

Mwaka 1983 kilitoka kitabu kimoja kuhusu mila zilizobuniwa. Ndani yake Hugh Trevor-Roper alidai kwamba hata hiyo kilti fupi si ya kale. Eti ilitengenezwa na Mwingereza mwenye kiwanda cha chuma katika karne ya 18. Wengine wanampinga mpaka leo. Kilichonivutia mimi ni kwamba mmoja wa wahariri wa kitabu hicho alikuwa Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, na ndiye aliyeandika historia ya ngoma ya beni mwaka 1975.

Beni sasa! Hapo ndipo kilti inapoingia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa pwani walicheza ngoma kwa kuiga bendi za kijeshi. Mombasa kulikuwa na Kingi na wapinzani wao Skochi, na hao Skochi walivaa kilti. Tanga na Dar es Salaam walikuwepo Marini, waliojiona watanashati, na Arinoti, ambao wengi walikuwa watu wa bara na vibarua. Wakapeana vyeo vya ufalme na ujenerali. Vita ya 1914–1918 ikaisambaza beni mpaka bara, na huku kusini, kando ya Ziwa Nyasa, mganda unachezwa hadi leo kwa mistari ya kiaskari. Watawala wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi: vibarua wanaojipanga wenyewe, wenye viongozi na michango yao, kesho watafanya nini?

Wapo wanaosema wale walikuwa kasuku tu wa wazungu. Mimi sikubali. Kibarua anayeamrishwa wiki nzima, Jumapili anavaa nguo za anayemwamrisha na kuamrisha kikosi chake mwenyewe. Hiyo ina maana nyingine kabisa. Tofautisha na Idi Amin, aliyejiita mfalme wa Uskoti na kuwavalisha wapiga zumari wa jeshi lake kilti. Huyo alikuwa na bunduki. Nguo ni ileile, lakini mchezo wa aliye chini na mchezo wa aliye juu ni vitu viwili.

Na sisi tuliokwisha kujitawala tuliwahi kushika rula ya kupimia sketi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliendeshwa kampeni ya kuwaachisha Wamaasai shuka na ngeu, eti waendelee. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, eti vinaua utamaduni. Hebu fikiri: mmoja kosa lake lilikuwa kuvaa cha kwao, mwingine kosa lake lilikuwa kuvaa cha wageni. Mwamuzi alikuwa yuleyule.

Riwaya ninayoiandika inamhusu kijana wa Kibena aliyekwenda umanamba Tanga. Wengi walikwenda kutoka Njombe. Kuanzia mwaka 1944 SILABU ilikuwa ikiwaandikisha na kuwasomba kwa magari mpaka kwenye mkonge. Nimeamua arudi nyumbani na kizibao cha sufu, kimelegea vifungo, na akivae kanisani, kilabuni na msibani, kwa sababu hana kingine. Kijijini watamcheka, watamwonea wivu, na mama yake atakipapasa kitambaa kimyakimya akitafuta bei aliyokilipia mwanawe.

Wewe mwandishi mwenzangu, wa kwako umemvisha nini? Mwulize nguo hiyo aliipataje, na nani angependa kumvua.