Illmatic ya Nas: Hizi Sifa Ni za Haki Ama Tumezoea Tu Kuitikia?

Nianze na kukiri. Kwa karibu miaka mitatu nimekuwa nikidanganya watu kuhusu Illmatic. Mkiitaja, naitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa, "aah, hiyo ni klasiki," na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeskiza ngoma mbili tu, nikaona ni mambo ya kizee, nikarudi kwa drill yangu. Lakini enda useme hivyo mbele ya wasee wa hip hop uone. Utaambiwa hujui muziki, urudi TikTok ukacheze na watoto.

Mwezi jana nilikaa chini nikaiskiza yote, mara nyingi, nikasoma pia vile ilitengenezwa. Nilitaka kujua kitu kimoja: hizi sifa ilizipata kwa haki, ama sisi tumezirithi tu vile mtu hurithi timu ya mpira kutoka kwa babake?

Turudi nyuma kidogo. Illmatic ilitoka tarehe 19 Aprili 1994. Nas, jina lake halisi Nasir Jones, alikuwa na miaka 20. Albamu ina ngoma 9 na utangulizi mmoja, jumla dakika kama 40. Ukiianza ukipanda mathree asubuhi inaisha na bado mko kwa jam.

Alikotoka ni Queensbridge, nyumba za serikali huko New York, zaidi ya nyumba 3,000 mahali pamoja, mradi mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Amerika Kaskazini. Mtaa huu ulikuwa na jina kabla yake. Miaka ya 1980 prodyuza Marley Marl na rapa MC Shan walikuwa wafalme huko. Kisha KRS-One kutoka Bronx akawashukia na ngoma za kuwadharau, na watu wengi wakaona Queensbridge imepigwa, imekwisha. Nas alikuwa mtoto wa mtaa ulioaibishwa mbele ya jiji lote. Ndio maana 1991, alipotokea kwa ngoma ya Main Source inaitwa "Live at the Barbeque" akiwa kijana wa miaka 17, watu walishtuka. Sifa za Illmatic zilianza hapo, miaka mitatu kabla ya albamu yenyewe. Hata "Halftime" ilikuwa imeshatoka 1992 kwa muziki wa filamu ya Zebrahead.

Kwa hivyo hapana, hizi sifa hazikuundwa juzi na watu wa intaneti. Lakini hapa ndipo nilishangaa: wakati huo haikuuza. Doggystyle ya Snoop, iliyotoka Novemba 1993, iliuza zaidi ya kopi 800,000 wiki ya kwanza. Illmatic iliuza kama 60,000. Kopi za wizi zilikuwa zimejaa mitaani kabla haijatoka, hiyo ni kweli, lakini hata ukizihesabu hizo, West Coast ndiyo ilikuwa inatawala. Illmatic ilifika dhahabu 1996, na platinamu 2001. Miaka saba kufikisha kopi milioni moja! Leo msanii akifanya hivyo tungesema ameflopu na tungemtengenezea meme.

Jarida la The Source ndilo liliipa mikrofoni 5 kwa 5, alama ambayo halikuwa linagawa ovyo. Aliyeandika hiyo tathmini ni Minya Oh, dada mdogo aliyekuwa bado intani pale. Napenda hiyo hadithi kuliko nyingi za hip hop. Intani aliona kitu ambacho soko halikuona.

Sasa muziki wenyewe. Zamani albamu ya rap ilikuwa mara nyingi na prodyuza mmoja, ama kikundi kimoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa walikusanyika DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip, Large Professor na L.E.S. Hebu fikiria maprodyuza wakali wa jiji moja wote wanampatia biti kijana ambaye hana hata albamu moja. Baada ya Illmatic hiyo ikawa kawaida, na wengine wakaiga vibaya, wakatuletea albamu zenye maprodyuza 15 na hakuna hata kitu kimoja kimeshikana na kingine. Hii imeshikana. Biti za Premier kwa "N.Y. State of Mind" zina ile hisia ya kutembea usiku ukiangalia nyuma. Premier mwenyewe amesimulia kwamba Nas alirekodi ubeti wa kwanza kwa mpigo mmoja tu.

Na sio yote ni dhahabu. "One Time 4 Your Mind" kwangu inapita tu, ni kama msee anapiga stori akingoja chai. Wanawake kwa hii albamu karibu hawapo, na wakitajwa ni mama wa mtoto wa fulani ama ni tatizo la fulani. Ukiwa dada unaskiza, sitakulaumu ukisema hakuna nafasi yako humo. Watu wanaosema Illmatic haina kasoro hata moja, sidhani wameiskiza na masikio. Wameiskiza na heshima.

Kuna uongo mwingine unaoniuma kibinafsi. Ni ile hadithi ya "Nas aliacha shule darasa la 8 na akawa genius." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mtu akitaka kunifariji ananitajia yeye. Mathe hafarijiki. Na sasa nimesoma, naona mathe ana pointi. Babake Nas ni Olu Dara, mwanamuziki wa jazz; ile tarumbeta unaiskia mwisho wa "Life's a Bitch" ni yeye. Mamake alikuwa akifanya kazi posta. Filamu ya Time Is Illmatic, ya 2014, inaonyesha nyumba iliyojaa vitabu na vyombo vya muziki. Huyu kijana aliacha shule lakini hakuacha kusoma. Mimi nilipoacha chuo niliacha vyote viwili kwa mwaka mzima, nikawa nalala hadi saa sita. Hiyo sehemu watu huiruka.

Na kuna yule aliyekosekana. Mei 1992 rafiki wa karibu wa Nas, aliyejulikana kama Ill Will, aliuawa kwa risasi Queensbridge, na usiku huohuo ndugu ya Nas, Jungle, akapigwa risasi lakini akapona. New York ya miaka hiyo ilikuwa inazika zaidi ya watu 2,000 waliouawa kwa mwaka, na crack ilikuwa imevunja nyumba kwa nyumba. Ukijua hayo, unaelewa kwa nini jamaa wa miaka 20 anaongea kama mtu wa 50.

Sasa "One Love." Hii ndiyo ilinifanya niandike. Q-Tip alitengeneza biti, na Nas anaandika barua kwa marafiki walio jela. Hakuna mahubiri. Anamwambia mmoja kwamba amepata mtoto, anamfanana. Anampa habari za nani amepigwa, nani amegeuka, nani bado anauliza kumhusu. Kisha ubeti wa mwisho barua inaisha, amerudi mtaani, ameketi na mtoto wa miaka 12 ambaye tayari anauza, na anajaribu kumwongelesha bila kujifanya mwalimu. Hiyo ngoma ina miaka zaidi ya 30 na sijaona mtu ameifanya vizuri zaidi.

Niko na beshte, tumekua naye ploti moja, sasa ni mwezi wa saba yuko rumande anangoja kesi. Simtaji. Sijawahi kwenda kumwona. Kila wikendi nasema nitaenda, halafu nafikiria nitamwambia nini, eti "kaza moyo"? "Mungu yupo"? Nikiwaza hivyo nalala tu kitandani. Kilichonipiga kwa "One Love" ni kwamba Nas hakuwa na neno la kufariji pia. Alikuwa na habari. Alileta mtaa ndani ya jela vile ulivyo, na hiyo ilitosha.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, inazistahili sifa, lakini hizo za "albamu bora ya wakati wote" mnaweza kubaki nazo. Zimemtesa hata Nas mwenyewe. It Was Written ya 1996 iliingia namba 1 na kuuza kuliko Illmatic, na bado wakasema amepotea. Alingoja Grammy hadi Machi 2021, kwa King's Disease, na mwezi huohuo Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza Illmatic kati ya rekodi za kuhifadhiwa. Unapata tuzo ya albamu yako mpya, na wiki hiyohiyo karibu dunia inakukumbusha ile ya zamani.

Jumamosi nilienda. Nilipewa dakika chache. Nikamwambia yule fundi wa viatu wa kona amehama, matatu ya nambari yetu imepandisha nauli tena, na dadake mdogo amekuwa mrefu kuniliko. Akacheka hiyo ya dadake. Akauliza, "Na ile kuku ya mama nani, bado inaamsha watu?" Nikamwambia ilichinjwa Krismasi.