Somo la Nane: Chenga katika Picha za Altrasaundi

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya eksirei. Leo twageukia altrasaundi, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sauti. Akina mama wengi mmekwisha kuziona hospitalini: mtoto yumo, lakini picha imejaa chenga. Chenga hizo zatoka wapi, na zimepunguzwaje?

Sauti hii sikio la mtu haliisikii. Mtambo huituma mwilini, nayo hurudi kama mwangwi, na mwangwi huo ndio unaochora picha.

Mwezi wa Julai 1955, Profesa Ian Donald wa Glasgow, Scotland, alichukua vivimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa, akavipeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox, Renfrew, penye mtambo wa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akaona kwamba uvimbe wa nyama na uvimbe wa maji haurudishi mwangwi sawasawa. Baadaye alimpima mama aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Kumbe ni uvimbe wa maji wa ovari. Akapasuliwa, akapona. Mwaka 1958 Donald, Daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown walitangaza kazi yao katika jarida la The Lancet.

Picha za kwanza zilikuwa nyeusi na nyeupe tu: mwangwi wenye nguvu ulichorwa, ulio dhaifu ukaachwa. Katika miaka ya 1970 mitambo ilianza kuonyesha kijivu cha kila kiasi. Hata mwangwi mdogo ukaonekana, na chenga nazo zikajitokeza.

Asili yake ni hii. Ndani ya ini, kwa mfano, mna vitu vidogo visivyohesabika, na kila kimoja hurudisha mwangwi. Miangwi ikikutana, pengine husaidiana, likatokea doa jeupe. Pengine hufutana, likatokea doa jeusi. Mwaka 1978 C. B. Burckhardt alilieleza jambo hili kwa hesabu. Basi ukipiga picha mara kumi pale pale, chenga zitarudi zile zile. Sharti ubadili pembe. Picha 4 ambazo chenga zake hazifanani, zikichukuliwa wastani wake, hupunguza chenga hadi nusu. Picha 9, hadi theluthi.

Njia ya pili ni chujio la hesabu katika kompyuta. Mwaka 1980 Jong-Sen Lee alitangaza chujio linalolainisha sana mahali patulivu na kuacha penye mipaka. Mwaka 2002 Yongjian Yu na Scott Acton walitangaza jingine, lililotengenezwa kwa ajili ya altrasaundi na rada.

Lakini angalieni! Anayepepeta kwa nguvu mno humwaga mchele pamoja na pumba. Picha laini hupendeza macho, ila uvimbe mdogo waweza kufutwa pamoja na chenga, na mgonjwa akarudi nyumbani akiambiwa ni mzima. Tena chenga zenyewe humsaidia daktari kutambua hali ya nyama. Kwa hiyo kusafisha picha kuna kiasi chake, na kiasi hicho ni kile kinachomfaa mgonjwa.

Sasa zungumzeni katika vikundi vyenu:
1. Kwa nini kurudia picha mahali pale pale hakuondoi chenga?
2. Picha iliyo safi mno ina hatari gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.