Onyo Lililogeuka Mfano: Mtazamaji katika Historia ya Tamthilia za Televisheni

Kila mwanafunzi wa fasihi amelikuta swali hili katika mtihani: jadili jinsi mwandishi alivyowatumia wahusika kufikisha ujumbe wake kwa jamii. Nasi tumelizoea. Mlevi anaonyesha ubaya wa ulevi, mwanamke anayenyanyaswa anaonyesha ubaya wa unyanyasaji, basi tunaandika kwamba mwandishi "amefaulu kufikisha ujumbe" na tunasubiri maksi. Umemfikia nani? Hilo hatuulizwi, wala hatujiulizi.

Katika tamthilia za televisheni zinazogusa matatizo mazito ya jamii, tabia hii ya uhakiki inatupotosha zaidi, kwa sababu nyingi zimetungwa waziwazi ili zifunze. Makala haya yanafuatilia historia ya tamthilia za namna hiyo kutoka Amerika ya Kusini hadi kwetu. Hoja yangu ni kwamba mtunzi anaweza kumwandika mhusika awe onyo, na mtazamaji akampokea kama mfano wa kuigwa. Na mhakiki asiyemchunguza mtazamaji amesoma nusu tu ya kazi.

Tuanzie Peru, mwaka 1969. Huko ulirushwa mchezo uitwao Simplemente María, unaomhusu msichana aliyetoka shamba kwenda mjini kufanya kazi za ndani, akajifunza kusoma na kushona, na cherehani ikamwinua kimaisha. Watayarishaji walikuwa wanatafuta watazamaji, hawakuwa na mpango wa kumfundisha mtu. Kumbe watumishi wa ndani walikuwa wanaangalia kwa macho mengine: wengi walijiandikisha katika masomo ya ushonaji na ya kusoma na kuandika, na cherehani zikanunuliwa sana. Tangu hapo mwanzo, basi, ujumbe uliotenda kazi ulitoka kwa watazamaji wenyewe.

Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni nchini Mexico, aliliona jambo hilo akajiuliza: kama linatokea kwa bahati, je, haliwezi kupangwa? Mwaka 1975 akatoa Ven conmigo, mchezo wa kuwahimiza watu wazima wasiojua kusoma waende darasani. Mwaka 1977 ukafuata Acompáñame, uliohusu uzazi wa mpango. Alikuwa na kanuni: wahusika wagawanywe mafungu matatu, yaani wema, waovu na wale wa katikati wanaosuasua. Mwema hupata tuzo, mwovu huadhibiwa, na yule wa katikati hubadilika polepole mbele ya macho ya watu. Mtazamaji alitarajiwa kujiona katika huyo wa katikati.

Kanuni hiyo ilisafiri. David Poindexter, aliyeongoza shirika la Population Communications International, aliipigia debe katika nchi mbalimbali. India iliipokea, na tarehe 7 Julai 1984 televisheni ya taifa, Doordarshan, ikaanza kurusha Hum Log, jina lenye maana ya "Sisi Watu". Mwandishi alikuwa Manohar Shyam Joshi. Mchezo ulidumu hadi Desemba 1985, nao ndio uliofungua njia ya michezo mirefu ya mfululizo katika televisheni ya nchi hiyo. Ulihusu familia ya kipato kidogo: babu na bibi, baba mlevi aitwaye Basesar Ram, mkewe Bhagwanti, na watoto wao watano, kila mmoja na matatizo yake. Mwishoni mwa kila sehemu mwigizaji maarufu wa filamu, Ashok Kumar, alijitokeza kwa muda mfupi kueleza funzo la siku hiyo.

Sehemu za mwanzo zilijaa mahubiri ya uzazi wa mpango, na watu wakachoka. Baada ya sehemu kama 13 waandaaji walilazimika kupunguza mahubiri na kuongeza hadithi. Naomba tulitie maanani jambo hili. Serikali ilikuwa na ajenda, mwandishi alikuwa na kanuni, lakini aliyesahihisha muswada ni mtu aliyekaa kwake sebuleni akipiga miayo.

Sasa tumtazame Bhagwanti. Huyu ni mama anayepika, anayefua, anayehudumia kila mtu na kutukanwa na kila mtu. Mume anamdharau na kunywa fedha za nyumba, mama mkwe naye anamsimanga. Yeye hajibu. Kwa mujibu wa kanuni ya Sabido, Bhagwanti aliandikwa kama mfano mbaya: mwanamke amwone, aumie, na aseme mimi sitaki kuishi hivi. Ashok Kumar alikuwepo kulisisitiza funzo, asije mtu akapotea njia.

Watu wakapotea njia hata hivyo, kama kweli huko ni kupotea. Barua zaidi ya 400,000 zilimiminika kutoka kwa watazamaji, na watafiti Arvind Singhal na Everett Rogers, waliouchunguza mchezo huu kwa kina, walikuta kwamba baadhi ya watazamaji, hasa wanawake wenye kushika mila, walimwona Bhagwanti kuwa mwanamke wa kuigwa. Mateso yake hayakuwafundisha kukataa. Yaliwathibitishia kwamba mke mwema ndivyo anavyokuwa. Hapo pana jambo zito. Mchezo uliotungwa kumwondolea mwanamke mzigo ulifika katika nyumba fulani ukamwongezea: sasa hata televisheni ilikuwa inamsifia uvumilivu wake.

Pengine msomaji atasema hayo ni ya India na mila zake. Twende basi Marekani, kwa mfano mmoja tu. Mwaka 1971 ulianza kule mchezo wa kuchekesha uitwao All in the Family, wa mtayarishaji Norman Lear. Mhusika wake mkuu, Archie Bunker, ni mzee anayewabagua Weusi, Wayahudi na wahamiaji, na mchezo unamcheka kwa ujinga wake. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo yao: watazamaji wenye ubaguzi walimpenda Archie na kuona kwamba ndiye anayesema kweli. Wasio wabaguzi waliona mchezo unamkejeli. Mchezo ni ule ule, kicheko kile kile, lakini kila mmoja alicheka na rafiki yake.

Wako watakaojibu kwamba watazamaji hao hawakuelewa, na kwamba mwalimu mzuri angewaelekeza. Jibu hilo silikubali, na sababu iko katika fasihi yetu wenyewe. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika visiwa vya Lamu yapata mwaka 1858, una mama anayemuusia binti yake namna ya kuishi na mume. Wapo wahakiki wanaousoma kama hati ya utumwa wa mwanamke. Wapo wanaoona humo mwanamke mwerevu anayemfundisha mwanawe jinsi ya kujilinda katika nyumba isiyo na mlango mwingine. Hatujawahi kusema kwamba mojawapo ya makundi hayo halikusoma shule. Tunasema utendi una tabaka nyingi za maana. Kwa nini basi mama wa Delhi aliyempenda Bhagwanti aitwe mjinga, na msomi wa chuo kikuu anayebishana juu ya Mwana Kupona aitwe mhakiki? Yule mama alikuwa na kipimo chake, alichokipata katika malezi yake na katika sifa za Sita wa Ramayana, mke mwaminifu kupindukia. Alimpima Bhagwanti kwa kipimo hicho, akafaulu.

Kwetu kanuni ya Sabido ilifika katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilirusha Tushauriane katika televisheni na Ushikwapo Shikamana katika redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza Twende na Wakati mwaka 1993, mkondo ulikuwa ule ule ila kwa masikio tu. Humo tukampata Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu mwenye wapenzi njiani, ambaye hatimaye anapata Ukimwi na kufa. Na tukampata mkewe, Tunu.

Tunu ananivutia kwa sababu anaanza pale pale alipo Bhagwanti: mke wa mume asiyeshikika. Lakini Tunu anaachana na Mkwaju na kujitegemea kwa biashara ndogo. Msikilizaji haoneshwi shimo peke yake, anaoneshwa na mtu anayetoka shimoni, hatua kwa hatua. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma haikurushiwa mchezo huo ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia, na mwaka 1995 nayo ikaanza kuupata. Matokeo yalionyesha kwamba palipousikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi, na wasikilizaji wengi walisema wamebadili mwenendo kwa kuogopa Ukimwi.

Sisemi kwamba Tunu ndiye aliyeleta yote hayo. Mchezo ulikuwa na wahusika wengi, na maradhi yenyewe yalikuwa yanafundisha kwa ukali kuliko redio. Ninachosema ni cha kiuhakiki. Bhagwanti alipewa mateso bila njia, na mtu asiyeoneshwa njia hugeuza mateso kuwa sifa, maana ataishije vinginevyo? Kuonyesha uovu kunahitaji ujasiri. Kuonyesha mtu wa kawaida akitoka katika uovu huo, na gharama anayolipa, kunahitaji ufundi wa kutunga, na hapo ndipo fani na maudhui visivyoweza kutenganishwa.

Kwa hiyo nawapendekezea wanafunzi wenzangu, na walimu wetu wakiniruhusu, jambo dogo. Tunapochambua tamthilia ya televisheni kuhusu ndoa za utotoni, kupigwa kwa wake au rushwa, tusiishie kuandika kwamba mtunzi "amekemea". Tuketi nayo mahali inapotazamwa, katika kibanda cha video, kwenye sebule ya jirani, kwa mama ntilie mwenye televisheni ukutani, na tusikilize watu wanamcheka nani, wanamhurumia nani, na ni nani wanayemwambia binti aliyekaa pembeni, "Unaona? Mwanamke huwa hivyo." Sentensi hiyo haimo katika muswada wa mtunzi yeyote. Nasi tuiandike katika uhakiki wetu.